Kushuka Kilombero kwa mtumbwi, toka Mngeta hadi darajani Ifakara

Mto Rufiji hauanzi mpaka Kilombero ukutane na Luwegu. Mito hiyo miwili inaungana kwenye maporomoko ya Shuguli, porini kabisa, na kuanzia hapo ndipo ramani inapoandika Rufiji. Chini zaidi unaingia Ruaha Mkuu, ambao watu wengi wanaujua kwa sababu ya mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Lakini katika mito yote inayoulisha Rufiji, Kilombero ndio mkubwa: wataalamu wa maji huupa asilimia 62 ya maji yake yote. Basi taa yako ikiwa inalishwa na Bwawa la Julius Nyerere, lile la megawati 2,115, ujue kwamba sehemu kubwa ya maji yanayozungusha mitambo yake yamepita kwanza katika bonde ambalo wengi wetu tunalifahamu kwa jina la mchele tu.

Rafiki yangu fundi umeme ndiye aliyekuwa akilirudia jambo hili kila tulipokutana. Desemba 2022, bwawa lilipoanza kujazwa, nchi nzima ilikuwa ikiutazama ukuta. Yeye alikuwa akiuliza habari za maji. Yanatoka wapi? Yanapita kwa nani? Nani anayaangalia huko yanakopita? Tuko marafiki wanne tuliosoma sekondari moja na hatukuachana: yeye fundi, mmoja mwalimu wa jiografia, mmoja muuguzi, na mimi. Mwalimu alikuwa amelifundisha bonde la Kilombero ubaoni miaka nenda miaka rudi bila kulikanyaga. Muuguzi alikuwa amechoka na zamu za usiku, akasema popote ambapo simu haishiki yeye yumo. Mimi bibi yangu mzaa mama alizaliwa Ifakara, na hadithi zake zote zilikuwa na maji ndani. Tukakubaliana kushuka na mto, toka upande wa Mngeta hadi Ifakara, huko mkoani Morogoro, kwa mitumbwi ya gogo.

Bila injini. Hilo lilikuwa sharti la mwalimu na alikuwa na haki. Boti ya mashine lazima ifuate maji marefu, na inapita haraka mno kiasi kwamba mto unabaki kuwa barabara. Isitoshe, ina kelele. Mtu anayetaka kujua bonde linaishi vipi inambidi aende mwendo ambao ndege hawaruki kabla hajafika.

Maandalizi nitayapita haraka, ila mambo mawili siwezi kuyaacha. La kwanza ni msimu. Mvua za masika zikikolea, kati ya Machi na Mei, mto unatoka kwenye kingo zake na kulala juu ya bonde. Wakati huo hakuna mto wa kushuka. Kuna maji tu, na nyasi zinazochungulia. Maji yakianza kurudi, kuanzia Juni kwenda mbele, mkondo unaonekana tena na fungu za mchanga zinatokeza. Ukichelewa sana hadi mwisho wa kiangazi, utakuwa unauburuta mtumbwi kuliko kuupanda. Sisi tulikwenda nyasi zikiwa bado zina alama ya tope kimo cha mtu, pale mafuriko yalipofikia.

La pili ni ruhusa. Bonde hili ni ardhi oevu iliyoandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2002, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000, na sehemu kubwa yake iko chini ya sheria za wanyamapori ambazo zimekuwa zikikazwa. Usisikilize mtu anayekuambia twende tu. Nenda halmashauri, nenda kwa watu wa maliasili, upate karatasi, uambiwe wapi unaruhusiwa kulala na wapi hupaswi kushuka.

Halafu watafute wenye mto.

Wetu alikuwa mzee wa Kindamba, kabila la bonde hili, aliyevua maji haya tangu utoto, pamoja na mjukuu wake, kijana aliyekuwa na mtumbwi wake mwenyewe. Tulipofika ukingoni tulimkuta mzee amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akiziba ufa kwa kitambaa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, wajukuu. Nani kati yenu hajui kuogelea?"

Mwalimu akainua mkono.

"Basi wewe utakaa na mimi."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yote. Hakutuuliza tunatoka ofisi gani wala tunataka kupiga picha za nini. Aliinua mizigo yetu mmoja mmoja, akaipima mkononi, akaigawa: mchele, maharage na sufuria katikati, mahema na vyandarua mbele, madumu ya maji ya kunywa karibu na nyuma atakaposimama yeye. Begi moja la muuguzi lilikuwa zito kuliko yote. Akauliza lina nini. Dawa, akajibiwa. Akalihamisha mwenyewe, akaliweka mahali pakavu kuliko pengine pote.

Mtumbwi wa gogo unakaa chini sana majini. Toka ukingo wake hadi maji haizidi shubiri moja na nusu ukiwa umepakia, na unakaa sakafuni juu ya nyasi zilizokunjwa, miguu umeinyoosha mbele, kiasi kwamba macho yako yako karibu na usawa wa mto. Mwanzoni mwili unataka kusahihisha kila mtikisiko. Kijana akatuambia, "Dada, usipigane nao. Kiuno kiache kilegee, kichwa ndicho kitulie." Kabla ya mchana nilikuwa nimeelewa, na nikaanza kuona. Mbele wawili wanapiga kafi, nyuma mwenyewe amesimama na pondo, mti mrefu ulionyooka, anausimika chini, anausukuma, anaupandisha mikononi, anausimika tena. Babu alifanya hivyo saa baada ya saa na pumzi yake haikubadilika.

Kushoto kwetu, mbali, Milima ya Udzungwa ilikuwa imesimama siku nzima kama ukuta wa bluu, na kulia vilima vya Mahenge. Kati ya safu hizo mbili ardhi imelala bapa kabisa. Maji yanaporomoka toka milimani kwa nguvu, yakifika hapa yanakosa mteremko, yanaanza kujizungusha. Ndiyo maana mto wa bondeni haunyooki. Unapinda, unarudi, unakaribia kujigusa, halafu unapinda tena. Mchana mmoja tuliupita mti mmoja mkubwa mkavu upande wa kulia, tukapiga kafi muda mrefu, na tulipoinua macho mti ule ule ulikuwa upande wa kushoto. Mwalimu alikuwa akichora kila kona kwenye daftari lake. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni kwake tangu tukiwa wanafunzi.

Katika kona hizo ndiko nilikoona elimu ya Babu ilivyo kubwa. Mtu mgeni akifika kwenye kona atafuata upande wa nje, kwa sababu maji huko ni marefu na yanakwenda kasi. Ni kweli, maji yanachimba ukingo wa nje, matete yanaanguka na udongo wake, na kina kinaongezeka. Upande wa ndani mto unatua mchanga. Babu kila mara alichagua ndani. Pale pondo linagusa chini, na mtu mwenye pondo linalogusa chini ana uamuzi juu ya mtumbwi wake. Pale kwenye kina, alisema, si kwetu.

Ni kwa viboko. Kiboko hushinda mchana kwenye maji marefu na hutoka usiku kwenda kula majani nchi kavu. Wengi tunadhani anaogelea, lakini mwili wake ni mzito mno kwa kuelea. Anatembea na kukimbia kwenye sakafu ya mto, na anaibuka kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache. Kwa hiyo maji yaliyotulia kwenye kona hayakuambii lolote. Kabla ya kila kona yenye kina, Babu alisimamisha mtumbwi, akagonga ubavu wake kwa kafi, mara tatu nne, akasubiri. Wakisikia, wanaibuka kutazama. Hapo anahesabu vichwa, anaangalia madume wako wapi na watoto wako wapi, kisha anaamua njia. Kinacholeta maafa, alitueleza, ni kumkatia kiboko njia ya kwenda kwenye kina. Akiwa mchangani na wewe uko kati yake na maji marefu, atakuja, na atakuja juu yako, hata kama hana haja na wewe.

Kuna kona moja ambayo dume alikataa. Tuligonga, wakaibuka, na yeye akaibuka mbele ya wenzake, kwenye mkondo hasa tuliotaka kuupita, akafunua kinywa chote. Meno yale hayahitaji maelezo. Babu hakusema neno. Alirudisha mtumbwi taratibu hadi mchangani na kijana akafanya vivyo hivyo. Tukashuka, tukakaa. Fundi akauliza kama hatuwezi kupita kwa kasi wakati amezama. Babu akamjibu kwa upole, "Akizama ndipo humjui alipo, mjukuu wangu. Sasa hivi unamwona. Mshukuru." Tulikaa hadi jua likaanza kulegea, dume bado yuko pale pale. Mwishowe tukapakua mizigo yote, tukaibeba kukatisha fungu la mchanga, tukarudi tukaiburuta mitumbwi yenyewe, mmoja baada ya mwingine, watu sita tukisukuma kwa sauti moja, tukaingia majini upande wa pili wa kona. Mikono ilitutetemeka hadi usiku. Lakini hakuna hata mmoja aliyelalamika, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amemtazama yule mnyama muda wa kutosha akaelewa kwamba pale palikuwa na mwenyewe.

Mamba walikuwa jambo jingine. Hao hawakuonyeshi hasira, hawakuonyeshi chochote. Ni amri mbili tu: mkono haubaki majini, na maji hayatekwi kwa kuinama ukingoni. Kijana alikuwa na kata ya mpini mrefu, na hata kuosha sufuria tuliosha mbali na mto.

Nimeanza na wanyama wakubwa kwa sababu ndio wanaoamua mwendo, ila siku nyingi zilijaa viumbe wadogo. Kwenye kingo zilizokatika wima kulikuwa na matundu mengi ya ndege waitwao keremkerem, na wao wenyewe wakiruka juu yetu kwa rangi zao. Kwazi, tai wala samaki, walikuwa juu ya kila mti mrefu, wakiitana. Karibu na Ifakara, kwenye matete yaliyoinamia maji, tuliona viota vya mnana, na mwalimu akatusimamisha. Kuna mnana wa Kilombero, ndege wa manjano asiyepatikana mahali pengine popote duniani nje ya bonde hili na viunga vyake, na wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Fikiria! Nchi ilikuwa huru karibu miaka thelathini, reli ya TAZARA imeshapita kandokando ya bonde, na ndege huyu alikuwa akisuka kiota chake juu ya mto bila jina la kitabuni. Wandamba walimwona kila siku, bila shaka.

Jioni tulilala kwenye madago. Dago ni kambi ya wavuvi ya msimu: vibanda vya matete na turubai, vichanja vya kubanikia samaki, moshi ambao hauzimwi usiku wala mchana. Wavuvi huja maji yanaporudi mtoni, na huondoka kabla hayajapanda tena. Hakuna barafu huko na barabara iko mbali, kwa hiyo samaki wote hukaushwa kwa moshi na kusafirishwa kwa baiskeli na pikipiki hadi kituo cha reli au mnadani. Usiku wa kwanza tulikaribishwa kitoga wa kuchemsha kwa chumvi na ndimu, nasi tukatoa mchele. Nimekula samaki hoteli kubwa za pwani. Sijala samaki kama yule.

Baada ya kula, mvuvi mmoja alimwonyesha muuguzi kidole chake kilichovimba. Mwiba wa samaki aitwaye ngogo ulikuwa umemchoma siku kadhaa nyuma. Alikisafisha, akakifunga, akampa dawa na kumweleza namna ya kuitumia. Tulipoinua macho palikuwa na foleni. Mwingine ana jeraha la panga mguuni, mwingine macho, mwingine homa inayokuja na kuondoka. Huyo alimpima malaria kwa kipimo cha haraka, na majibu yalipotoka akamwambia asubuhi atoke kwenda zahanati bila kuchelewa, na wenzake wakakubaliana nani atampakia. Alifanya kazi kwa mwanga wa tochi niliyomshikia hadi watu wakaisha. Ikawa hivyo kwenye kila dago. Yeye aliyekimbia zamu za usiku akawa na zamu kila usiku, na nilipomuuliza kama amechoka alisema huku angalau anamwona mgonjwa mmoja mmoja, anamsikiliza mpaka mwisho. Nilifikiria sana jambo hilo. Watu hawa wanalisha samaki miji kadhaa, na kidole kilichovimba kinangoja mpaka msimu uishe.

Ni dagoni pia tulikofundishwa mafuriko ni nini. Mimi, mtoto wa Dar es Salaam, neno mafuriko kwangu ni bonde la Jangwani, pale katikati ya jiji: nyumba zimezama, watu wako juu ya paa. Mzee mmoja wa dago alinisikia nikilitumia hivyo akacheka kwa wema. "Samaki wa mto huu hawazaliwi mtoni, mama. Wanazaliwa mbugani." Akaeleza. Maji yanapopanda na kufunika nyasi, kambale hutoka mtoni, hufuata maji mapya, hutaga huko kwenye maji ya kina kifupi yenye joto na chakula tele. Watoto wao hukulia kwenye nyasi, hata perege hufuata chakula hicho. Maji yakirudi, nao hurudi, na ndipo wavuvi huwa tayari na migono, mitego ya kusukwa, kwenye vijito vinavyotiririka kurudi mtoni. Maji hayo hayo huacha tope jipya, na juu ya tope hilo mpunga unaota. Mwaka ambao mto haukutoka kwenye kingo zake ni mwaka wa njaa mara mbili, ya samaki na ya wali.

Fundi alikuwa amekaa karibu na moto, hasemi. Halafu akaanza kutusimulia Kihansi, na nadhani ndiyo sababu hasa aliyoijia.

Mto Kihansi hushuka toka Udzungwa na kuingia Kilombero juu ya pale tulipoanzia sisi. Una maporomoko makubwa, na mwaka 2000 kituo cha umeme cha megawati 180 kilianza kazi kwa kuyapitisha maji chini kwa chini, ndani ya mwamba. Umeme ule tuliuhitaji na tunauhitaji bado. Fundi mwenyewe ameishi kwa kazi ya umeme na hakuzungumza kwa dharau. Lakini chini ya maporomoko yale kulikuwa na eneo la hekta chache tu lililoloweshwa na manyunyu mwaka mzima, na ndani yake aliishi chura mdogo wa manjano aliyegunduliwa mwaka 1996, wakati mradi umeshaanza kujengwa. Huzaa watoto kamili, hatagi mayai majini. Maji yalipohamishwa, manyunyu yakakatika. Wakawekwa mabomba ya kunyunyizia, lakini ugonjwa wa ukungu unaoua vyura nao ukaingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Aliokolewa na wachache waliokuwa wamepelekwa mapema kwenye bustani za wanyama Marekani. Walizaana huko, wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni kwao.

Babu alisikiliza hadithi yote. Akauliza, "Kwa hiyo walimrudisha?"

"Walimrudisha, Babu. Kwa gharama kubwa."

"Basi inawezekana," akasema, akageukia upande wa pili kulala.

Sijaacha kulifikiria bonde kwa namna ile tangu usiku huo. Juu kuna mitambo, chini kuna mitambo, na kati yake kuna mto unaotakiwa ubaki unapanda na kushuka wenyewe. Hesabu za bwawa zinapigwa kwenye ukuta, kwa mita za kina. Hesabu za hapa zinapigwa kwa nyasi zilizofunikwa na siku zilizofunikwa. Nataka watu wa hesabu zote mbili wakae mkeka mmoja. Ukiharibu bonde, ukalima vyanzo vyake, ukakausha maeneo yanayohifadhi maji ya masika na kuyaachia polepole kiangazi, hutaumiza wavuvi peke yao. Utaumiza mitambo pia, maana maji yatakwenda kwa fujo masika na kukosekana kiangazi, na tope litafuata.

Sheshe tuliwaona mara moja. Ni swala wa rangi ya dhahabu iliyoiva, wanene kidogo, wanaopenda nyasi za kando ya mto. Bonde la Kilombero liliwahi kuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba utotoni mwake ukivuka mto asubuhi unawakuta wamejaa mbugani hadi unakosa pa kutazama, na nilipokuwa mdogo nilidhani bibi anaongeza chumvi. Tulikuwa tunapita kimya, jua halijapanda, na kundi dogo lilikuwa limesimama kwenye nyasi fupi, dume moja na majike wake. Walitutazama. Babu alishika pondo bila kulisogeza, mtumbwi ukaenda wenyewe na mkondo. Nilimwambia baadaye maneno ya bibi. Akasema bibi yangu hakudanganya hata chembe. Yeye mwenyewe aliwaona hivyo hivyo, na anaweza kunionyesha mahali. Sasa pale ni mashamba, na mbele yake ni njia ya ng'ombe.

Hapa nataka kuwa mwangalifu. Ni rahisi kumnyooshea kidole mfugaji aliyekuja na ng'ombe wake, na wengi wanafanya hivyo. Mwaka 2012 kulikuwa na operesheni kubwa ya serikali ya kuondoa mifugo bondeni. Lakini mfugaji alihama kwa sababu kwao malisho yaliisha. Mkulima anasogea kwenye ukingo kwa sababu kijiji kimejaa. Wavu wa macho madogo, ambao Babu anauchukia kuliko kiboko yeyote, unauzwa dukani mjini, si mtoni. Tulipokuwa tunakaribia Ifakara, mabadiliko yalionekana kila kona: mpunga uliovunwa hadi kwenye kingo, miti imekwisha, ukingo umeporomoka pale ng'ombe wanaponywea maji, maji yamekuwa mazito rangi ya chai. Viboko tuliacha kuwaona. Kijana akaanza kupiga kafi bila kugonga ubavu wa mtumbwi, na mimi, ambaye kwenye kona za juu nilikuwa nashika ukingo kwa hofu, nilihuzunika kwamba hakuna tena wa kugongewa.

Nimwongelee kijana kidogo. Anajua mto karibu sawa na babu yake na anajua simu kuliko sisi sote. Anataka injini. Alituambia wazi jioni moja, na Babu yupo, kwamba pondo ni heshima ya wazee lakini mzigo wa samaki unaofika mnadani asubuhi una bei na unaofika jioni hauna. Babu hakukasirika. Alisema tu kwamba injini ataipata, na mto atakuwa haujui. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Natamani aipate injini yake. Natamani pia, kabla hajaipata, mtu akae na Babu na daftari kama la mwalimu, aandike kona moja baada ya nyingine, wapi pana kina, wapi samaki hutaga, maji ya mwaka gani yalifika mti gani. Mwalimu ameanza. Kurasa zake nimeziona, na ameahidi kurudi likizo ijayo na wanafunzi wachache wakubwa.

Daraja la Ifakara linaonekana toka mbali, mita 384 za zege juu ya mbuga. Zamani hapa palikuwa na kivuko, na watu wa Ulanga na Malinyi wanakumbuka masika ya kungoja ukingoni hadi maji yakubali. Sasa malori yanapita juu bila kupunguza mwendo. Tulisogea chini yake mchana, tukapakua kwenye matope, tukawa tunasikia honi.

Sisi tulipanda gari jioni hiyo hiyo. Babu na kijana walibaki kununua chumvi, nyavu na betri, kisha kuondoka alfajiri kurudi juu. Kupanda na mto huu ni kazi nyingine kabisa: hakuna mkondo wa kukubeba, ni pondo hatua kwa hatua kandokando ya matete, na inachukua siku nyingi zaidi kuliko kushuka. Ukipatana bei na watu wa mitumbwi, zihesabu na siku zao za kurudi, kwa maana siku hizo hakuna abiria ndani na kazi ni mara mbili. Babu hakuzitaja tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana ndiye aliyezitaja, kwa aibu, usiku wa mwisho dagoni. Tukazilipa zote, tukawaachia na mchele uliobaki, na muuguzi akaacha begi lake lote la dawa kwa mzee wa dago la kwanza, Babu alipeleke atakapopita.